Kiko Kisicho na Kasoro

Kaa la tumbaku lilimwangukia Anthelme pajani Jumamosi saa tatu asubuhi, likamtoboa suruali ya kutokea. Alilipangusa kwa mkono huku akitukana, maana alikuwa mtu wa kutukana kwanza na kutazama baadaye. Alipotazama, aliona kiko chake kimefanya tundu ubavuni, tundu dogo la kuingia punje ya dengu, na moshi unatokea hapohapo.

Nyumba ilikuwa kimya, lakini hilo halikuwa geni. Tangu mkewe Clarisse afe, majira mawili ya baridi sasa, nyumba ile haikuwa na la kusema. Palikuwa na saa ya ukutani, na bomba la jikoni lililodondosha maji, na yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini na minne mwenye vidole vitatu tu mkono wa kulia.

Na kiko. Hicho kiko kilikuwa kimebeba mengi. Karibu kila siku saa moja jioni Anthelme alitoka kwenda roshanini, akaketi kwenye kiti chake kando ya kiti cha Clarisse, akakiwasha, akavuta hadi jua lilipojificha nyuma ya jabali. Ndivyo walivyofanya wawili hao miaka yote, yeye akivuta na mkewe akifuma, maneno machache. Alipobaki peke yake aliendelea vilevile, na maadamu kiko kilikuwa kinawaka mkononi, aliweza kujidanganya kwamba Clarisse ameingia ndani kuchukua shali. Bila kiko, saa moja ingefika na yeye angekuwa mzee tu aliyekaa kando ya kiti kitupu. Alikuwa akiliogopa jambo hilo, na hofu yake haikuwa ya mzaha.

Kwa hiyo alihitaji kiko kingine, na alikihitaji kabla ya saa moja. Tena kiwe kizuri, tena kiwe rahisi. Kununua kiko cha daraja la kwanza kwa bei ya daraja la kwanza, alizoea kusema, hata mbumbumbu anaweza. Mjini Saint-Claude, ambako kila ukoo umewahi kuwa na mtu wa kukereza viko au kuving'arisha, ufundi ulikuwa kuingiza mkono kwenye kreti la viko vilivyokataliwa na kutoka na kile ambacho wakaguzi wamekikataa kwa makosa.

Na hicho kilichotoboka alikuwa amekipata hivyohivyo. Mwaka 1961, Jumamosi ya kabla ya likizo ya Agosti, siku ambayo kiwanda cha juu, alikokuwa akifanya kazi, kiliwatolea wafanyakazi kreti la viko vilivyokataliwa, kila mtu achague kimoja kwa bei ya mkate. Anthelme alichimbua hadi chini kabisa akaibuka na kiko kisicho na kasoro hata moja. Hakuna aliyeishi mjini hapo miaka hiyo ambaye hakuisikia habari hiyo, na wengi waliisikia zaidi ya mara moja.

Alikitia mfukoni, akavaa kofia, akateremka kwa Huguette.

Duka la Huguette lilikuwa chini ya kanisa kuu. Mbele aliuza viko vya kung'aa kwa watalii; nyuma, karibu na jiko la kuni, alikuwa na kreti. Yeye na Clarisse walikaa benchi moja kiwandani miaka ishirini na tisa, benchi la puti, la wanawake waliokuwa wakiziba vishimo vya viko kwa sindano na brashi. Ndiye aliyemsimamia Clarisse siku ya harusi.

"Shemeji," alisema bila kuinua macho kwenye gazeti, "umekuja kununua au umekuja kunikosoa?"

"Kukosoa. Kununua baadaye, nikiona cha maana."

"Kreti liko palepale. Na usinipangulie kama juzi, nilipata kazi ya siku nzima."

Anthelme alivuta kigoda, akaweka kofia gotini, akaanza. Cha kwanza alikichungulia ndani, akapitisha kijiti, akakirudisha.

"Aliyekitoboa hiki alikuwa amelewa. Njia ya moshi imetokea juu, kidole kizima juu ya kitako. Tumbaku ya chini itabaki maji matupu."

"Mwambie mwenyewe, anaitwa mashine."

Cha pili alikipima kwa kiganja. "Kizito. Mtu ataumwa meno." Cha tatu alikielekeza dirishani, akaona mwanga unapita kwenye maungio ya mrija na kichwa. Cha nne ukuta wake ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na cha tano kilikuwa na vanishi nene ya kuteleza. "Ukiona vanishi imelala hivi, ujue mbao haipumui, na chini yake kuna linalofichwa."

"Shemeji, hivyo ni viko vya faranga hamsini. Ulitaka vipumue na viimbe?"

Cha sita akanyamaza nacho. Kilikuwa chepesi, kimetobolewa kwenye kitako barabara, na nyuzi za mbao zimesimama wima kuzunguka kichwa chote. Faranga tisini. Alikigonga kwa ukucha, akanyonya mrija mtupu asisikie mluzi. Ndipo akafanya jaribio lake la mwisho, lile alilolitangaza mji mzima: akakipulizia pumzi ya moto. Mbao hunywa pumzi na kufifia, puti hainywi. Kwenye ubavu, sehemu ndogo kama kichwa cha kiberiti ilibaki inang'aa.

"Puti!" akakiweka chini kwa vidole viwili.

"Puti si dhambi, shemeji."

"Si dhambi. Ni uongo."

"Uongo huo umenisomeshea watoto wawili," Huguette alisema, akakunja gazeti. "Na ndio uliomlisha mkeo na wewe pia, ule mwaka ambao hukuwa na mshahara wa maana. Usisahau."

Anthelme aliona ni wakati wa kutoa ushahidi. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka kiko chake kikuukuu juu ya kaunta. "Hiki ndicho kiko. Miaka thelathini na mitatu, mara nne kwa siku. Leo kimeungua, sawa, hata chuma huchoka. Lakini nionyeshe puti hapo. Nionyeshe!"

Huguette alivaa miwani. Akakichukua, akaenda nacho dirishani, akakigeuza, akakaa nacho. Huyu alikuwa mwanamke asiyeweza kunyamaza hata kanisani, na sasa alikuwa amenyamaza.

"Kingeungua," alisema mwishowe, "tundu lingekuwa na masizi pembeni. Lingekuwa limepasuka."

Anthelme alikipokea, akatazama. Tundu lilikuwa la mviringo, safi, na kuta zake zilikuwa laini, zenye ngozi nyekundu kama ile mzizi wa kuchongea viko unayojivika ukikua umekumbatia changarawe. Aliijua ngozi hiyo. Katika miaka yake ya ukaguzi alikuwa ametupa maelfu ya viko kwa ajili yake.

"Hiki ni kishimo cha kuzaliwa nacho."

"Ndiyo."

"Kilizibwa."

"Ndiyo, Anthelme." Hakusema shemeji, na hilo ndilo lililomtisha.

Walipooana, mwaka 1948, yeye na Clarisse waliwekeana dau. Yeye alikuwa mkereza, na wakereza walijiona wafalme. Kila siku mezani alimwambia mkewe kwamba yeye anaitoa mbao ilivyo na mkewe anaificha. Clarisse akamjibu kwamba iko siku atachagua kazi ya puti kwa macho yake mwenyewe na kuiapia kuwa safi. Wakakubaliana: atakayeshindwa atasimama mkahawani siku ya Jumamosi, saa ya watu kunywa kabla ya chakula, avue kofia, aseme kwa sauti kwamba kazi ya mwenzake ni bora kuliko yake. Na Anthelme, kwa majivuno yake, akamfundisha mkewe majaribio yake yote, moja moja, hata lile la pumzi. Clarisse akaondoka duniani bila kulitaja tena dau lile.

"Haiwezekani," alisema sasa, na sauti ilimpanda. "Puti haikai kwenye moto! Miaka mitatu, minne, inakauka inadondoka, kila mtu anajua. Niambie ni puti gani ya kukaa miaka thelathini na mitatu!"

"Hakuna puti ya hivyo."

"Basi?"

"Basi hilo sijui. Ninayoyajua niliapishwa nisiyaseme, na aliyeniapisha hayupo wa kunifungua." Huguette alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nenda kanywe kitu, Anthelme. Célestin atakuwa mkahawani."

Alitoka bila kununua kitu, na kreti akaliacha limepanguliwa.

Anthelme alikuwa na kasoro zake nyingi, lakini kukimbia dau haikuwa mojawapo. Alikwenda moja kwa moja mkahawani. Zamani saa hiyo usingepata pa kuweka kiwiko. Wanaume wa kiwanda cha juu walijaa na vumbi lao jekundu mabegani, na moshi ukawa mzito hadi mwenye mkahawa akawatambua kwa kikohozi. Sasa palikuwa na kijana wa kaunta aliyehamia mwaka jana, mume na mke wenye viatu vya kupandia milima wanakula jibini, na pembeni Célestin, anacheza karata peke yake. Célestin alikereza kwenye mashine ya jirani na Anthelme miaka kumi na mitatu, na mashine zilimwachia uziwi. Kati ya wanaume wote waliokuwa wakiisikia hapo habari ya kiko kisicho na kasoro, amebaki yeye.

Anthelme alisimama mbele yake, akavua kofia.

"Kazi ya mke wangu ni bora kuliko yangu."

"Eh? Paza sauti."

"Kazi ya mke wangu ni bora kuliko yangu!"

"Mke wa nani kafanya nini? Bwana wee, unaongea kama umeweka viazi mdomoni."

"KAZI YA CLARISSE," Anthelme alipiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka, "NI BORA KULIKO YANGU!"

Wapanda milima waliacha kutafuna. Kijana wa kaunta alisema, "Taratibu, mzee, watu wanakula," na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua Clarisse ni nani. Kwa miaka yote Anthelme alikuwa amejiandaa kushinda dau hilo mbele ya mji. Kumbe amelipoteza mbele ya watu watatu wasiomjua.

Célestin aliziweka karata chini. Hakucheka.

"Imedondoka, siyo?"

Anthelme alishika ukingo wa meza. "Wewe ulijua?"

"Sote tulijua. Benchi zima la puti lilijua, waume zao wakajua. Hapa ndani ulikuwa ukituonyesha hicho kiko kila Jumamosi, nasi tunakwambia jicho lako, Anthelme, jicho lako! Tulijua wote."

"Mmenicheka miaka thelathini na mitatu."

"Kukucheka? Kaa chini, mjinga wewe. Kijana! Lete mvinyo, huyu bwana anaanguka."

Akakaa. Célestin alisubiri glasi ijazwe, kisha akasogeza kiti karibu, maana viziwi hupenda kusema karibu.

"Ule mwaka unaukumbuka?"

Aliukumbuka. Machi, kerezo lilimchukua vidole viwili. Walipompokea tena kiwandani walimpa ufagio, afagie vumbi chini ya mashine ya mtu mwingine. Aliacha kula mezani. Aliacha kusema. Jioni alitoka peke yake akatembea kandokando ya mto, akasimama darajani, akatazama maji.

"Clarisse alinituma nikufuate," Célestin alisema. "Hukujua, eh? Majuma sita. Mvua na baridi, mimi nyuma yako na miguu yangu hii. Aliniambia, asije akafanya upumbavu. Halafu siku moja akasema, mashine imemla vidole tu, lakini yeye anadhani imemla na macho. Akachukua kichwa kimoja kizuri chenye kishimo, akakaa nacho jioni kumi na moja. Wanawake walikuwa wanakaa karibu yake waone. Alikuwa anachora nyuzi za mbao juu ya puti kwa brashi ya unywele mmoja! Anakipulizia, anakwangua, anaanza tena, anakipulizia. Alijua utakipulizia."

"Nilimfundisha mimi."

"Ulimfundisha wewe. Akakiweka kwenye kreti, pembe ya kushoto chini kabisa, maana alijua unaanzia chini. Nawe ukakipata. Ukatoka pale mbio umekiinua juu, unapiga kelele kwamba wakaguzi wote vipofu. Ulikuwa hujacheka tangu Machi, Anthelme. Hebu niambie, nani angekwambia?"

Anthelme alikitoa kiko mfukoni, akakigeuza.

"Jioni ileile Clarisse alikuja hapo mlangoni, wewe ukiwa nyumbani unaking'arisha. Akatuapisha mmoja mmoja. Alisema atakayemwambia mume wangu, nitamziba mdomo kwa puti."

Ilikuwa sauti yake kabisa. Anthelme aliisikia.

"Jumatatu yake nilikipeleka kwa msimamizi," alisema polepole. "Nikamwambia tazama wakaguzi wako wamepitwa na nini, nipe mimi kazi hiyo. Akanipa. Célestin, kazi yangu ya miaka ishirini niliipata kwa kiko cha uongo."

"Kuipata, uliipata kwa uongo. Kuifanya, uliifanya kwa macho yako. Hakuna mzizi mbovu uliokupita miaka yote ile. Isipokuwa huo."

"Lakini puti haikai. Miaka thelathini na mitatu..."

Célestin aliinua mabega. "Hilo hata mimi sielewi. Mwenyewe alisema itadondoka baada ya miaka mitatu, na kufikia hapo utakuwa umepona, utacheka. Tukasubiri. Haikudondoka. Wengine wamesubiri hadi wamekufa."

Saa moja jioni ilifika, kama alivyoogopa. Alikaa roshanini na mikono mitupu asijue aiweke wapi. Kiti cha Clarisse kilikuwa pale, mto wake umebonyea. Hakuweza tena kujidanganya kuwa ameingia ndani. Alitaka kumkasirikia mtu, na karibu kila aliyemfikiria alikuwa makaburini. Alitaka kumwambia mkewe umeshinda, na hilo nalo halikuwa na pa kupelekwa. Ndani ya mji wake mwenyewe palikuwa na siri iliyokuwa imemzunguka kwa mapenzi kwa nusu ya maisha yake, na yeye ameingizwa ndani yake siku wenyewe wameisha. Jua lilijificha. Akaingia kulala bila kula.

Jumapili alipika soseji moja na viazi viwili. Alipomaliza alisukuma sahani, akaweka kile kiko mbele yake, akakitazama kama anayekihoji. Puti haikai miaka mitatu. Alikuwa mtu wa kazi, na jambo la kazi likiwa halijakaa sawa lilimnyima raha. Moto ni moto. Ama puti hiyo ilikuwa na uchawi, na yeye hakuamini uchawi, ama...

Saa ya ukutani ikagonga: saa saba.

Saa saba ya Jumapili, mchana, vyombo bado mezani, Clarisse alikuwa akinyoosha mkono. "Lete hilo dude lako nilifute." Kila Jumapili. Alikwenda nacho jikoni akafunga mlango, kwa sababu ya harufu ya spiriti, alisema. Anthelme alisinzia kwenye kiti. Saa nzima, wakati mwingine na nusu, kufuta kiko kimoja! Alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe ana wazimu wa usafi. Na alipokirudisha alimwambia neno lilelile: "Usikivute mpaka kesho. Kiache kipumzike." Ndiyo maana Jumapili peke yake roshanini hakukuwa na moshi, na Jumapili ndiyo siku waliyozungumza.

Tangu afe, hakuna aliyekifuta.

Alisimama, akaenda jikoni, akavuta droo ya vitambaa. Alivitoa vyote akavitupa sakafuni. Chini kabisa palikuwa na kikopo cha bati cha peremende za koo. Ndani yake mlikuwa na sindano, brashi ya unywele mmoja, kichupa cha spiriti, kipande cha nta, na karatasi iliyokunjwa yenye unga mwekundu wa mzizi uliosagwa laini. Unga ulikuwa umebaki kidogo. Kando ya brashi palikuwa na tonge la puti la mwisho, limekauka, na juu yake alama ya kidole gumba.

Anthelme hakulia makaburini, na watu walimsema kwa hilo. Sasa aliketi sakafuni katikati ya vitambaa, miguu ameinyoosha kama mtoto, akaweka gumba lake juu ya alama ile, akalia hadi kwikwi zikamshika.

Duka la Huguette hufungwa Jumatatu. Jumanne alikuwa mlangoni kabla halijafunguliwa.

"Nimekuwekea kimoja," Huguette alisema, akijifanya ana haraka ya kupanga kaunta. "Jana nimepekua kreti lote kwa ajili yako, mgongo umeniuma. Hiki hapa. Kimekataliwa kwa makosa, naapa. Faranga mia, na kinastahili mia nne."

Anthelme alikichungulia, akapitisha kijiti, akakipima, akakinyonya kikiwa kitupu, akakipulizia. Pumzi ililala juu yake sawasawa, ikafifia kote, ikaondoka. Kilikuwa safi kabisa. Kilikuwa kile ambacho maisha yake yote aliamini anacho.

"Kiko kizuri," alisema, akakirudisha juu ya kaunta.

Akaenda kwenye kreti. Akaingiza mkono hadi chini, pembe ya kushoto, akapapasa, akatoa kimoja. Kilikuwa hakijapakwa kitu, mbao tupu ya rangi ya biskuti, umbo zuri, na ubavuni kimechimbika kishimo cha kuingia punje ya dengu.

"Hicho usikiguse, kiliachwa humo kwa bahati mbaya," Huguette alisema. "Kina kishimo."

"Nakiona."

"Hakijazibwa."

"Hilo nalo naliona. Bei gani?"

"Ishirini. Kumi na tano. Chukua tu, shemeji, ukachochee moto."

Anthelme aliweka noti ya ishirini. Kisha akatoa mfukoni kile kikopo cha peremende, akakiweka kando ya noti, akakifungua. Huguette alikitazama, akashika mdomo wake. Alikijua. Halafu akavuta kigoda cha pili hadi penye mwanga wa dirisha.

"Nifundishe," Anthelme alisema.

"Wewe? Na vidole hivyo vitatu? Utajipaka puti hadi puani."

"Nifundishe."

"Na hata ukipatia, bwana, unajua mwenyewe. Haitakaa. Ukikivuta, wiki haiishi itaanza kulegea. Kila wiki utakuwa unakaa na sindano unaanza upya, maisha yako yote."

"Najua," alisema Anthelme, akavua kofia, akaketi. "Jumapili sina kazi nyingine."